Muda wa meneja wa mjengo Mombasa: namna ya kuupanga, kuanzia ratiba ya mradi hadi mzunguko wa jioni

Meneja wa mjengo akikwambia hana muda, itazame simu yake kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Lori la mchanga limekwama Changamwe na dereva anauliza apitie wapi. Fundi wa umeme anataka kujua swichi ya jikoni ikae kushoto au kulia. Mtunza stoo anasema misumari ya inchi nne imeisha. Mwenye nyumba, aliyeko Dubai, ametuma sauti ya dakika sita kuhusu rangi ya fremu za dirisha. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa siri jana jioni.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na kalenda yako. Muda wa meneja huliwa na kazi ambayo haikuandaliwa, na ukijipangia siku nzuri juu ya saiti isiyoandaliwa, mpango wako utavunjika kabla ya chai. Tutaanza na mradi mzima, tushuke kwenye wiki, tuingie siku ya slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), kisha ndipo tufike kwenye masaa yako mwenyewe. Mfano nitakaoutumia ni jengo la slabu tano, la aina inayoota kila kona Nyali, Bamburi na Tudor. Si kibanda cha kujengwa polepole kila mshahara unapoingia, na wala si mnara wenye ofisi nzima ya wapanga ratiba.

Hatua ya 1: Jua muda unakwenda wapi

Chukua daftari dogo la mfukoni. Usitumie simu, maana simu ndiyo inayokukatiza. Kwa wiki moja, kila unapokatizwa andika nani amekuja, anataka nini, dakika ngapi zimepita, na kama swali hilo lingeweza kujibiwa siku iliyotangulia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida. Mwisho wa wiki gawanya majibu: ya nyenzo, ya michoro na maamuzi, ya watu na malipo. Rundo kubwa ndilo linalokuonyesha hatua ipi hapa chini uishike kwanza.

Hatua ya 2: Panga mradi kutoka mwisho kuja mwanzo

Ratiba nyingi zinazobandikwa ukutani ofisini zimeandikwa kumridhisha mwenye benki. Zina mistari mizuri ya rangi, na hakuna fundi anayezisoma. Ratiba inayofanya kazi inajibu swali moja: ni kazi zipi zikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja? Hesabu ya kuzitafuta kazi hizo ilianza kutumika Marekani mwaka 1957, kampuni ya DuPont ikishirikiana na Remington Rand, na hadi leo programu nyingi za kupanga miradi zinaitegemea. Lakini kwa jengo la slabu tano huhitaji programu. Karatasi na penseli zinatosha.

Anza na tarehe ya kukabidhi na urudi nyuma. Rangi na usafi, kabla yake vigae, kabla yake lipu, kabla yake paipu na waya, kabla yake kuta, kabla yake fremu ya zege. Kwenye fremu ndipo muda mwingi hupotea, kwa hivyo tukae hapo kidogo.

Tuseme slabu imemwagwa leo. Nguzo za ghorofa inayofuata zitafungwa chuma, zitazungushiwa mbao na kumwagwa katika siku tano hivi. Siku ya sita fundi mbao yuko tayari kuanza kufunga slabu mpya. Mbao na propu (nguzo za muda) ziko wapi? Bado zimeshikilia slabu ya chini. Injinia hatakuruhusu uziondoe mapema: pande za nguzo na bimu huweza kufunguliwa baada ya siku moja au mbili, lakini propu za slabu mara nyingi hubaki hadi siku 14, na za bimu hadi siku 21, kulingana na upana wa chumba na majibu ya kyubu (vipande vya zege vinavyopimwa nguvu maabara). Ukichukua siku 14 tu, una siku tisa ambazo fundi mbao amekaa. Kwenye slabu tano kuna nafasi nne za aina hiyo, yaani siku 36. Zaidi ya mwezi mmoja umeyeyuka, na hakuna mtu aliyefanya uvivu.

Sasa uliza bei ya kukodi seti ya pili ya propu na mbao kwa muda wa fremu. Iweke kando ya gharama ya siku hizo 36: mshahara wa mlinzi, wa foromani, wa kwako, riba ya mkopo, kodi ambayo mwenye jengo haipati. Mara nyingi seti ya pili ni rahisi kuliko kusubiri, na hesabu hiyo mwenye nyumba anaielewa vizuri ukimwandikia kwa shilingi badala ya siku. Angalizo moja: kufunga slabu mpya juu ya slabu changa kunaipa ya chini uzito ambao haijauzoea. Ni injinia pekee anayeamua propu zipi zibaki chini na kwa muda gani. Hili si la fundi, na si lako.

Halafu pitisha ratiba yako kwenye kalenda ya Pwani. Masika huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kuchimba msingi Mei ni kulipa watu wakafue maji. Vuli hushika Oktoba na Novemba, nyepesi kidogo lakini inaharibu lipu ya nje na rangi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hukupa siku kavu, ila joto na upepo wake hukausha zege juu kabla halijashika ndani. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia kwenye joto hilo hilo la kaskazi. Kwa mwezi huo anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fungeni saa nane mchana bila mapumziko marefu, na slabu kubwa ziwekwe kabla au baada. Kisha kuna Krismasi: mafundi wengi wa bara huanza kuondoka katikati ya Desemba kwenda nyumbani, na hurudi wiki ya pili ya Januari. Ukiandika kwenye ratiba kwamba slabu ya nne itamwagwa tarehe 20 Desemba, umeandika matumaini.

Vibali navyo viingie kwenye ratiba kama kazi zenye urefu na mwenyewe, kama vile chuma na mbao: idhini ya michoro kutoka kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), usajili wa mradi kwa NCA (mamlaka ya ujenzi), usajili wa saiti kama mahali pa kazi chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Kila kimoja kipewe jina la mtu anayekifuatilia. Kibali kisicho na mwenyewe hukumbukwa siku mkaguzi anapofika langoni.

Hatua ya 3: Kikao cha Alhamisi na wiki sita za mbele

Katika miaka ya 1990 Glenn Ballard na Greg Howell, Wamarekani wawili waliokuwa wakichunguza kwa nini ratiba za ujenzi hazitimii, waliweka kanuni ambayo mimi naiona bora kuliko programu yoyote: ahadi ya wiki itolewe na yule anayesimamia watu wanaofanya kazi, na asiahidi kazi ambayo haijawekwa tayari. Msimamizi wa mafundi mbao ndiye anayejua kama bimu zile zitafungwa kufikia Jumanne. Wewe unadhania tu.

Kikao kifanyike Alhamisi saa tisa alasiri, mkiwa mmesimama mbele ya ubao. Si Ijumaa, kwa sababu swala huigawa Ijumaa hapa nusu mbili zisizounganika. Waje foromani, wakubwa wa mbao, chuma, mawe, umeme na plamba, pamoja na mtunza stoo. Nusu saa inatosha. Mkifika dakika ya arobaini, mmeanza hadithi.

Kwanza angalieni wiki sita mbele, haraka, mkitafuta vizuizi tu. Kwa kila kazi ulizeni kama mchoro wa mwisho upo, nyenzo zimeagizwa, watu wapo, mashine ipo, kazi inayotangulia itakuwa imekwisha, na pesa yake imetengwa. Kila jibu la "bado" liandikwe na jina la mtu na tarehe.

Kisha wiki ijayo. Hapa uwe mkali: kazi yenye "bado" hata moja haiingii. Itakuuma mara ya kwanza kuona ubao una kazi 12 wakati ulitaka 20, lakini hizo 12 zitafanyika.

Alhamisi inayofuata hesabu: kati ya kazi 12 zilizoahidiwa, ngapi zimekamilika kabisa? "Imebaki kidogo" ihesabiwe sifuri. Kama ni tisa, umefikisha asilimia 75. Andika sababu ya zile tatu na usimtukane mtu, maana ukitukana, wiki ijayo watakuahidi kazi nyepesi tu. Baada ya mwezi utaona sababu moja inajirudia. Hiyo ndiyo ya kushughulikia wewe mwenyewe, kwa sababu foromani angekuwa na uwezo wa kuimaliza angekwisha kuimaliza.

Hatua ya 4: Barabara, bahari na maji

Mombasa ni kisiwa, na kokoto haziogelei. Kokoto zikitoka machimbo ya Kokotoni au upande wa Mazeras, zitapita Changamwe na kuvuka Makupa kabla ya kufika kisiwani, na kama saiti yako iko Nyali au Bamburi, zikivukia kisiwani kuna daraja la Nyali mbele yake. Asubuhi msururu huelekea mjini, jioni hutoka mjini. Kwa hivyo saiti ya Nyali na saiti ya Kizingo hazina saa moja nzuri ya kupokea lori. Zungumza na madereva wenyewe, kwani wanajua kuliko bwana wa machimbo. Kwa Likoni na kusini, usiweke tena ratiba ya mzigo mzito juu ya feri. Barabara ya Dongo Kundu ni ndefu kidogo kwenye ramani, lakini muda wake unatabirika, na muda unaotabirika ndio unaoweza kuupanga.

Mji wa Kale una hesabu yake. Lori litaishia Ndia Kuu au nje zaidi, na kuanzia hapo ni mkokoteni na hamali kwenye vichochoro. Weka siku nzima ya kuhamisha mzigo, na ongea na majirani kabla ya kumwaga mchanga mlangoni kwa mtu. Eneo hilo pia limehifadhiwa, kwa hivyo mabadiliko ya sura ya jengo yanataka idhini ya ziada kabla hujaagiza hata mfuko mmoja.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Visima vingi mjini vina chumvi, na maji ya chumvi kwenye zege lenye chuma huanzisha kutu ndani, ambako huioni mpaka zege lipasuke. Maji ya mfereji nayo hayana siku maalumu. Agiza boza la maji matamu siku mbili kabla, lijaze matangi, na matangi yafunikwe.

Na vitu vya kutoka nje: vigae, vioo, alumini, lifti. Watu hudhani kwa kuwa bandari iko Kilindini basi kontena letu litatoka upesi. Kuishi karibu na bandari hakuharakishi karatasi. Lifti iagizwe wakati fremu bado iko chini, na fundi wa lifti akupe vipimo vya shimo lake kabla hujamwaga msingi. Nimeona shimo likichimbuliwa upya kwa sababu ya sentimita chache, na wiki zilizopotea hapo hazikurudi.

Hatua ya 5: Siku ya slabu

Kama utaipanga siku moja tu kwa dakika, basi iwe hii. Makosa yake hayafutiki.

Anza na hesabu. Slabu ya mita za mraba 150, unene wa milimita 150, ni mita 22.5 za ujazo, bila kuhesabu bimu. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, kila mita ya ujazo hula mifuko 6.4 hivi ya kilo 50, kwa hivyo mifuko 144. Mikisa (mashine ya kuchanganya zege) ya mfuko mmoja hutoa mchanganyiko mmoja kwa dakika tano watu wakiwa wazuri, yaani mifuko 12 kwa saa. Mifuko 144 gawanya kwa 12: masaa 12 mfululizo. Ukianza saa moja asubuhi utamaliza saa moja usiku, watu wakiwa hoi na taa hakuna. Mikisa mbili ni masaa sita. Hapo unamaliza saa saba mchana, na ukiongeza allowansi ya kuharibika, saa tisa. Hesabu ya dakika mbili imekuamulia kukodi mikisa ya pili.

Endelea: mchanga mita 10 za ujazo na kokoto 20 hivi, ziwe zimefika juzi yake. Maji ya kuchanganya tu ni kama lita 4,000, bado kuosha vyombo na kumwagilia. Ndiyo maana boza moja la lita 10,000 si anasa.

Siku tatu kabla: hakikisha mikisa ya pili, vaibreta mbili za kushindilia zege (moja ya akiba), na jenereta, kwa kuwa umeme ukikatika vaibreta haina huruma na wewe. Siku moja kabla, mwite injinia aje saa tatu asubuhi. Wengi humwita asubuhi ya kumwaga, na hapo akikuta biskuti (vipande vya zege vinavyoinua chuma) zimepungua chini ya chuma, au paipu za umeme zimerundikana mahali pamoja, watu 40 wamesimama wakilipwa kumtazama fundi chuma akihangaika. Akija siku moja kabla, mchana wote uko wako wa kurekebisha. Aweke sahihi. Jioni mikisa ziwashwe zisikike, njia za wilbaro zilazwe mbao, karatasi ya nailoni iwe juu tayari kwa mvua, na mkubaliane naye ni wapi zege litakatiwa iwapo mvua au mashine italazimisha msimame.

Siku yenyewe, isiwe Ijumaa. Waislamu wataondoka kwenda swala kuanzia saa sita na kurudi karibu saa nane, na kuzuia watu kwenda Ijumaa ili slabu iishe ni kutafuta lawama bure. Jumanne au Jumatano ni nzuri: Jumatatu ina watoro, na Alhamisi hadi Jumamosi hazikuachii nafasi ya kusogeza mbele.

Watu wawe wamefika saa kumi na mbili na nusu. Anzeni pembe ya mbali zaidi na ngazi, mkirudi nyuma, ili hakuna wilbaro inayopita juu ya zege bichi. Foromani asimame kwenye mikisa akilinda kipimo cha maji, kwa sababu watu wa mkono wakichoka huongeza maji zege liteleze. Wewe uwe juu ya slabu. Simu mpe mtunza stoo, apokee na aandike. Chai ya saa nne ipandishwe kwa zamu, nusu wakila mahamri na mbaazi zao huku nusu wakiendelea, mikisa zisizime. Ikizima mikisa dakika 40 kwenye jua la kaskazi, mstari wa pale ulipoishia utaonekana chini ya dari ya mwenye nyumba miaka yote. Kyubu zichukuliwe katikati ya kazi na siyo mwanzoni tu, na ziandikwe tarehe na mahali. Zile za siku 7 zitakuonyesha kama theluthi mbili hivi ya nguvu imefika. Za siku 28 ndizo za kuamulia.

Jioni hiyo hiyo kazi ya kumwagilia zege maji ipewe jina la mtu. Siku saba angalau, magunia yakiwa mabichi mchana kutwa. Jumapili pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, kwa hivyo mtu wa Jumapili apumzike siku nyingine, na hilo liamuliwe Alhamisi kwenye ubao, si Jumamosi jioni watu wakiwa wameshavaa viatu vya kwenda nyumbani.

Hatua ya 6: Masaa yako mwenyewe

Sasa tumefika. Ukifanya hatua za nyuma, simu zitapungua zenyewe. Zilizobaki zipange hivi.

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu: uko saiti, ofisi imefungwa. Zunguka kabla ya mafundi hawajaanza, sema nao dakika kumi kuhusu hatari za siku hiyo, kisha waone wakianza. Saa ya kwanza ikianza vibaya, siku nzima inachechemea.

Saa tatu hadi saa nne: simu zote za kupiga. Wauzaji, injinia, msanifu, mkadiriaji. Ukizipiga kwa pamoja, asubuhi, wanapata muda wa kukujibu kabla jioni. Ukizitawanya siku nzima, majibu yatakuja kesho.

Saa tano hadi saa saba: karatasi. Jua liko juu na watu wanajua la kufanya. Mlango ufungwe kwa kila mtu isipokuwa ajali. Wageni, wauzaji wanaopita na vielelezo vya rangi, jamaa wa mwenye nyumba wanaokuja "kuangalia tu", wote waambiwe saa nane.

Saa kumi alasiri: mzunguko wa pili, na huu una swali moja tu kwa kila fundi: kesho unaanza na nini, na nini kitakukwamisha? Sikiliza, andika, na kabla ya saa kumi na moja na nusu yatatue yale yanayotatulika kwa simu moja. Mimi ningefuta kila kitu kingine kwenye mwongozo huu kabla sijafuta mzunguko huu. Misumari ya inchi nne ya kule mwanzo hupatikana hapa, duka likiwa bado wazi.

Kuhusu foromani: mwandikie karatasi moja ya mambo anayoamua bila kukuuliza. Kuhamisha watu kutoka kazi moja hadi nyingine. Kununua vitu vidogo hadi kiasi fulani cha pesa kwa siku, na risiti. Kusimamisha kazi hatari. Akikosea ndani ya karatasi hiyo, umtetee mbele ya watu na umsahihishe pembeni. Foromani anayeogopa atakupigia simu hata kuhusu kamba.

Sasa mwenye nyumba. Usimlaumu kwa kuchelewesha maamuzi ikiwa maswali unamtumia kama sauti saa nne za usiku. Weka daftari la maamuzi: swali, anayejibu, siku ya mwisho, na kitakachotokea jibu lisipofika. Kisha andika hivi:

"Asalaam aleykum mzee. Vigae vya vyoo ghorofa ya pili: picha A, B na C, bei chini ya kila picha. Naomba jibu kufikia Jumatano saa kumi jioni. Lisipofika, fundi wa vigae atahamia ghorofa ya tatu Alhamisi, na kumrudisha itachukua siku 4. Mimi napendekeza B, iko dukani tayari."

Ujumbe huo una mipaka, una pendekezo, na hauna kilio. Kundi la WhatsApp la mradi libaki la picha na taarifa. Uamuzi wowote uliosemwa kwenye kundi uhamishie kwenye daftari au barua pepe siku hiyo hiyo, la sivyo baada ya miezi mitatu mtakuwa mnapekua picha za harusi mkitafuta nani alikubali mlango wa chuma.

Malipo yasile Ijumaa yako nzima. Funga rejista ya mahudhurio Alhamisi jioni, msimamizi wa kila kundi aweke sahihi, kisha Jumamosi M-Pesa ifanye kazi ya foleni. Wafanyakazi ambao wamekaa nawe mfululizo mwezi mmoja au zaidi, sheria hiyo hiyo ya ajira katika kifungu cha 37 haiwaoni tena kama vibarua wa siku, kwa hivyo mtu wa hesabu awajue mapema.

Hatua ya 7: Dakika kumi za shajara

Kila jioni kabla ya kuondoka: hali ya hewa na saa mvua iliponyesha na kuisha, idadi ya watu kwa kila fani, nyenzo zilizofika, kazi iliyosimama na kwa nini, maagizo uliyopewa na nani. Mistari mitano inatosha. "Mvua saa tano hadi saa saba na nusu, kuchimba kumesimama, watu 14, pampu moja" ina thamani kuliko kurasa za malalamiko.

Faida yake huonekana mradi ukichelewa na fidia za kuchelewa zikaanza kutajwa. Mkataba, uwe wa JBC (baraza la pamoja la ujenzi) unaotumika sana kwa majengo hapa nchini au wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), hukupa nafasi ya kuomba siku za ziada kwa sababu zilizotajwa ndani yake, ila kwa taarifa ya maandishi na kwa wakati. Kwenye FIDIC taarifa inatakiwa ndani ya siku 28 tangu ulipolijua tukio, au ulipopaswa kulijua, na ukizipitisha haki yako imekwenda hata kama mvua hiyo Mombasa nzima iliijua. Kwa hivyo kila Alhamisi baada ya kikao soma shajara ya wiki na ujiulize kama kuna barua ya kuandikwa. Iandike kabla hujatoka.

Ukishachelewa

Ratiba ikiteleza wiki mbili, kinachokuja kichwani ni kuongeza watu kila mahali na kufanya kazi usiku. Watu wakiongezwa pasipo na nafasi hugongana tu, na kanuni za NEMA za 2009 kuhusu kelele zina kikomo kikali zaidi usiku kuliko mchana. Majirani wa Nyali wanazijua namba za kupiga. Rudi kwenye ile milolongo ya hatua ya 2 na utafute kazi zile tu zinazoshikilia jengo. Pengine kuta za ghorofa ya kwanza zinaweza kuanza huku slabu ya tatu ikifungwa. Pengine lipu ya ndani isingoje paa, bali ianzie chini, palipokauka. Pengine ni seti ile ya propu uliyoambiwa ni ghali. Chagua moja au mbili, zipe wiki tatu, na ubao wa Alhamisi utakuonyesha kama siku zinarudi. Na siku za kusubiri zege usiziguse. Hizo hazimilikiwi na meneja.